Kipimo Kinachojua Kunyamaza

Wanunuzi wengi wa kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta huanza na uso wake: ukubwa wa tarakimu, rangi ya taa, namna kitakavyopendeza kwenye dashibodi. Anza na mkia wa waya. Kazi nzima hufanywa na sensa iliyofungwa kwenye bomba la moshi, pamoja na kidhibiti kinachoipasha moto na kuifasiri. Uso ni wa kusomea tu.

Sensa za kuaminika ni za ukoo wa Bosch LSU, na swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: ni LSU 4.2 au LSU 4.9? Ya 4.2, ambayo ni ya zamani, hulinganisha moshi na hewa ya nje, na hewa hiyo ikichafuka usomaji unapotoka. Kwa hiyo mara nyingi mwenye nayo hulazimika kuichomoa kila baada ya muda na kuisawazisha kwenye hewa safi. Ya 4.9 hujitengenezea oksijeni yake ya kulinganishia. Kwa gari linalotoka Kamina, nchini Kongo, kwenda Sanga, ambako fundi wa kuichomoa na kuisawazisha hapatikani kila kona, chagua 4.9. Kipimo cha AEM X-Series kinaitumia, na kidhibiti cha Innovate LC-2 kinaipokea pia. Ndani ya plagi ya sensa mna rezista iliyopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyo moja tu. Ukiona plagi imekatwa na nyingine kuungwa, irudishe, hata ukipunguziwa bei. Namba ya Bosch 0 258 017 025 ni ya kuitafuta, lakini waghushi nao wanajua kuchapa namba, kwa hiyo namba peke yake isikutoshe.

Kinachotenganisha kipimo bora na kibovu ni tabia yake pale kisipojua jibu. Sensa ikiwa baridi, ikiwa imekufa au waya umekatika, kipimo chema huandika vistari au namba ya hitilafu. Kibovu huendelea kuonyesha 14.7 kana kwamba mambo ni shwari, nawe unaendelea kuipunguzia injini mafuta huku pistoni zikiungua. Jaribu dukani kabla ya kulipa. Zima umeme, chomoa sensa, washa: lazima kilalamike. Kisha zima, irudishe sensa, ishike hewani mbali na vidole na nguo kwa sababu ncha yake inawaka moto hasa, na uwashe tena. Ikishapata joto, usomaji lazima upande hadi mwisho wa upande wa hewa nyingi na utulie hapo bila kuyumba.

Barabarani kuna majaribio mawili mazuri zaidi. Kwenye gari la sindano za mafuta, shuka mlima ukiwa kwenye gia na uachie kanyagio kabisa. Kompyuta hukata mafuta, na kipimo kinapaswa kuruka juu papo hapo. Kikijivuta, kimechoka au sensa imejaa masizi. Jaribio la pili hutumia sensa ya kawaida iliyokuja na gari. Sensa hiyo haijui mengi, lakini mahali pamoja haikosei: volti zake zikivuka 0.45, mchanganyiko uko sawasawa, yaani lamda 1.00. Gari likitembea taratibu, volti zikipanda na kushuka kuzunguka hapo, kipimo chako kipya kizunguke 1.00. Kikisema 1.05 muda wote, tafuta kwanza tundu kwenye bomba kabla ya sensa, kwa maana hewa inayoingia hapo hudanganya kipimo kizuri na kibaya vilevile.

Soma kwa lamda, si kwa uwiano wa hewa na mafuta. Ile 14.7 ni ya petroli tupu; ikichanganywa na asilimia 10 ya ethanoli inakuwa kama 14.1, ilhali lamda 1 hubaki lamda 1. Kwa injini isiyo na turbo, kanyagio likizama, 0.86 hadi 0.90 ni eneo salama la kuanzia. Yenye turbo, karibu 0.80.

Ukitaka kupeleka usomaji kwenye kompyuta ya gari, heri kinachotuma kwa njia ya CAN, yaani mawasiliano ya kidijitali ya gari, kuliko cha volti 0 hadi 5. Kwenye AEM volti moja ni sawa na 2.375 za uwiano, hivyo waya hasi uliofungwa vibaya na kuleta tofauti ya volti 0.1 unapotosha uwiano kwa karibu robo ya namba moja. Mtu hulaumu sensa bure.

Kamina iko takriban mita 1,100 juu ya bahari. Hilux ya 22R yenye kabureta, iliyorekebishwa Dar es Salaam hadi 14.7, ikipandishwa huku hula mafuta mengi kupita kiasi, karibu 14.0, kwa sababu hewa ni nyepesi. Mwenye gari la namna hiyo ndiye anayenufaika zaidi, na hahitaji CAN wala anasa. Mwenye lori la dizeli aweke pesa zake kwenye kipimo cha joto la moshi.

Usiifunge sensa chini ya bomba. Ncha ielekee chini, na sensa iinuke angalau digrii 10 juu ya usawa, kwani tone la maji likigusa kauri yake ya moto inapasuka. Kwenye turbo, iwe baada yake. Wala usiiache bombani bila umeme, injini ikiwaka, masizi yataiziba. Gundi ya silikoni isiyo salama kwa sensa nayo huiua, kama risasi ilivyokuwa ikiziua kabla ya petroli yenye risasi kuachwa kusini mwa Sahara kufikia 2006.

Kuna jambo ambalo kipimo hiki, hata kiwe bora namna gani, hakilioni. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa huonyesha lamda njema kabisa wakati injini inagonga. Ukinunua mafuta ya chupani njiani, rudisha nyuma muda wa cheche kabla ya kukanyaga, na usikilize injini kwa sikio.