Moduli Mpya, Laini Haikatiki

Mnunuzi wa dhahabu wa Katoro hana haja ya kujua seva za WhatsApp ziko wapi. Anachotaka ni bei ya leo iingie kwenye kundi kabla mchimbaji hajafika na mzigo. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, lakini maongezi ya bei hayaishii sokoni, yanaendelea kwenye simu hadi Kahama. Nyuma ya maongezi hayo kuna ufundi wa kubadilisha programu huku inaendelea kutumika.

Seva za WhatsApp, iliyoanza 2009, zimejengwa kwa Erlang, lugha ya programu iliyozaliwa katika kampuni ya simu ya Ericsson, Sweden, katikati ya miaka ya 1980 mikononi mwa Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams. Mitambo ya simu haizimwi ili irekebishwe, na lugha hiyo ilitungwa kwa kulijua hilo. Mwanzoni mwa 2012 WhatsApp walitangaza kwamba seva yao moja imebeba miunganisho zaidi ya milioni 2. Izime kidogo tu, simu zote hizo zitapiga hodi kwa mpigo, pamoja na iliyoko Nyarugusu yenye mtandao wa kubahatisha. Ndiyo maana walizoea kupakia moduli mpya, yaani kipande cha programu, seva ikiwa kazini.

Erlang hutunza matoleo mawili ya moduli moja kwa wakati mmoja. Mchakato, yaani kazi inayoendeshwa ndani ya seva, ulioanza kwenye la zamani unaendelea nalo mpaka uite moduli kwa jina lake kamili. Hapo unaingia kwenye jipya. Ukipakia toleo la tatu, la kwanza linafutwa, na mchakato uliobaki humo unauawa.

Kasheshe ni pale moduli zinapotegemeana. Tuseme mnunuzi wetu ana programu ya stakabadhi. Moduli ya stakabadhi huipa moduli ya bei uzito na bei ya gramu, kisha hurudishiwa jumla. Sasa toleo jipya linataka na usafi wa dhahabu uliosomwa na mashine. Ukitanguliza stakabadhi mpya, itapeleka vigezo vitatu kwa moduli inayojua viwili. Mchakato unakufa palepale, mteja yuko kaunta. Basi bei itangulie. Lakini ikiwa bei mpya imefuta hesabu ya vigezo viwili, itaiangusha stakabadhi ya zamani ambayo bado inahudumia watu. Fundi makini huacha hesabu zote mbili ndani ya bei mpya, anapakia stakabadhi, kisha hesabu ya vigezo viwili anaiondoa kwenye toleo linalofuata. Ni kama matimba, magogo yanayoshikilia kuta za duara, yaani shimo la mchimbaji: gogo jipya linakazwa kwanza, ndipo lililooza ling'olewe.

Ujanja huo unagota pale mchakato unapokuwa umebeba kumbukumbu. Manunuzi ya tangu asubuhi yamehifadhiwa kwa jozi za uzito na bei, na toleo jipya linataka utatu wa uzito, bei na usafi. Hapo zana za Erlang husimamisha michakato kwanza: anayeuliza anatangulia kusimama, anayejibu anafuata. Utaratibu huo una sababu. Ujumbe unaofika kwa mchakato uliosimama haupotei, unangoja kwenye sanduku lake. Lakini aliyeutuma, kwa kawaida, husubiri jibu sekunde 5 tu, kisha huanguka. Wakishasimama wote, moduli zinapakiwa, kila mchakato unageuza kumbukumbu yake iwe ya umbo jipya, na kazi inaendelea.

Kwa duka linalotoa stakabadhi na kumaliza, mimi nisingejisumbua hivi. Ningewasha seva mpya pembeni, nikahamishia wateja huko. Gharama ya kubadilisha papo kwa papo inalipa pale muunganisho unapoishi siku nzima.

Anayeamua kuifuata njia hii ya papo kwa papo huandika maelekezo ya pande mbili, ya kupanda toleo jipya na ya kushuka la zamani, kabla hajagusa seva. Kushuka hugeuza mpangilio: kumbukumbu hurudishwa kwenye umbo la zamani kwanza, wakati moduli mpya bado ipo, kwa kuwa ndiyo pekee inayoujua utatu, ndipo ya zamani inapakiwa. Na usafi uliokwisha kupimwa tangu asubuhi hauna pa kukaa ndani ya jozi, kwa hiyo fundi anapaswa kuuandika kwenye faili la pembeni mapema, la sivyo unatupwa.