Momenti Isiyo na Mwenyewe

Michoro ya lile ghala la upana wa mita 24 wengi wenu mmeshaiona, maana imezunguka simu hadi simu pamoja na ripoti ya mahesabu. Rafta ni nzuri, kona zake zimekaa, breisi za ukutani hazina neno. Sifa zinaishia hapo, kwa sababu kilichofanyika chini ya nguzo hakitetewi.

Ripoti ina mizunguko miwili. Wa kwanza fremu imesimama juu ya vitako vya bawaba, ikayumba kupita kiasi. Dawa zake zinajulikana: ongeza chuma, au rudi kwenye msingi uujenge upya. Jamaa aliyeisanifu hakufanya lolote kati ya hayo. Alifungua dirisha la sapoti, akaondoa bawaba, akabofya FIXED. Kuyumba kukashuka, momenti ya konani ikapungua, nguzo ikabaki ile ile UB 457 ya kilo 67 kwa mita, na skrini nzima ikawa kijani. (Rangi hizi nimeshazisema sana. Zamani programu ilitoa namba, ukalazimika kuzisoma.)

Lakini momenti haipotei, inahama. Ripoti yake mwenyewe inaonyesha kwamba upepo ukivuma kitako kinapokea kNm 140, huku mgandamizo ukiwa kN 60 tu, kwa kuwa paa la bati ni jepesi. Sasa fungua mchoro wa kitako. Bamba la milimita 20, bolti nne za M24 daraja 8.8, zote ndani ya flanji, za aina ya J, zimezama milimita 300 kwenye zege la C25. Hicho ni kitako cha bawaba! Kilichorwa kwa ajili ya mzunguko wa kwanza, na baada ya kile kibofyo hakuna aliyekigusa tena.

Hesabu yake inatosha nyuma ya bahasha. Kutoka mstari wa bolti hadi flanji inayogandamizwa ni kama milimita 350. Ukishatoa msaada wa zile kN 60, bolti mbili za upande wa mvutano zinabaki na kN 360 hivi, yaani 180 kila moja. Chuma cha bolti, kwa Eurocode 3, kinabeba 203. Programu ikasema sawa, jamaa akaenda kulala. Ila bolti haivutwi peke yake, huondoka na koni ya zege. Kwa EN 1992-4, kina hicho kwenye zege lenye nyufa kinazipa bolti zote mbili kwa pamoja kama kN 170, tena kama kingo za shina la zege hazijaikata koni, na hapa zinaikata. Inatakiwa 360. Na hesabu hiyo ni ya bolti zenye kichwa. Za J hunyooka na kuchomoka. Mwongozo wa AISC wa vitako vya nguzo unashauri ziachiwe nguzo zinazogandamizwa tu. Nimezilalamikia bolti hizi hadi mhariri ananitania, na sijamaliza.

Tuseme basi zimeshika kwa miujiza. Chini yake kuna msingi wa mita 1.5 kwa 1.5. Mzigo wa nguzo, uzito wa zege na udongo ulio juu yake, kwa ukarimu, vinafika kN 120. Gawanya 140 kwa 120: mzigo umesogea karibu mita 1.2 kutoka katikati, ilhali nusu ya msingi ni mita 0.75. Umeangukia nje ya msingi kabisa! Wala sijaongeza shia ya upepo inayosukuma juu yake. Neno FIXED maana yake ardhi haizunguki hata chembe. Ardhi ipi hiyo, na nani aliipima?

Waliosoma BS 5950 watakumbuka kwamba hata kitako kilichokazwa kweli, kwa mizigo ya mwisho, ukakamavu wake ulichukuliwa sawa na wa nguzo, si zaidi. Na cha bawaba kilipewa asilimia 10 ya ukakamavu huo kwenye uthabiti wa fremu na 20 kwenye kuyumba. Njia ya halali ya kupunguza kuyumba ilikuwepo, tena programu ya STAAD inapokea springi kwenye sapoti kwa mstari mmoja.

Nimesikia utetezi kwamba bolti nne ndizo zinazokaza. Sivyo. Marekani, tangu kanuni za OSHA za mwaka 2001, nguzo hutakiwa kuwa na bolti nne angalau, ili isiwaangukie mafundi wakati wa kusimamisha. Idadi hiyo haisemi lolote kuhusu momenti.

Hardy Cross, aliyechapisha njia yake ya kugawa momenti mwaka 1930, alikuwa akikifunga kiungo kwa makusudi, kisha akikifungua na kuifuatilia momenti ilikokwenda, nusu yake ikivuka hadi ncha ya pili. Aliyehesabu kwa mkono namna ile hakuweza kuikaza nguzo bila kumjua anayeishika. Kompyuta haina kizuizi hicho. Paa la ukumbi wa Hartford Civic Center, Marekani, lilianguka Januari 18, 1978 likiwa limepita kwenye kompyuta. Breisi za kwenye modeli hazikuwa zile zilizofungwa juu. Miaka yote hii, bado modeli yetu ina kitako kimoja na mchoro una kingine.

Kama chuma hakijakatwa, bawaba irudishwe na nguzo ipandishwe saizi. Kimeshakatwa? Basi ni kuchimbua kila msingi, kuupanua, kumwaga shina jipya lenye nondo zinazopokea mvutano, na kutoa bolti nje ya flanji kwenye bamba nene lenye mbavu. Fundi atadai malipo ya kazi mbili, na atakuwa na haki.