Hongera Walinzi wa Msikiti wa Kongo

Pale Mto Mwachema unapoingia baharini, kaskazini mwa Diani, chini ya mibuyu mikubwa, umesimama Msikiti wa Kongo. Inaaminika ulijengwa kati ya karne ya 14 na ya 15, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Miji mingi ya mawe ya pwani yetu, kama Gede, imebaki magofu. Kongo bado kunaadhiniwa.

Sifa ni za waumini wa Diani wanaoendelea kuswali humo, na za mafundi wanaojua kazi ya chokaa: kuchoma matumbawe tanuuni, kuzima chokaa kwa maji, kuiacha iive, ndipo ipakwe. Chokaa hupumua, unyevu huingia na kutoka. Saruji huufungia ndani, na jiwe la kale likamomonyoka polepole.

Jengo hutunzwa kwa kutumiwa. Mahali panapofagiliwa na kuswaliwa kila siku, ufa huonekana mapema.

Hongereni sana. Nanyi wenye nyumba za mawe Kwale, kabla ya kununua mfuko wa saruji, mtafuteni kwanza fundi wa chokaa.