Mangungo wa Msowero: Mkataba, Mkalimani na Fumbo katika Maoni ya Kisiasa Tanzania

Kila unapozuka mjadala kuhusu mkataba mkubwa nchini Tanzania, jina la mtu aliyeishi Usagara katika karne ya 19 hurejea vinywani. Lilisikika mwaka 2017 katika sakata la makinikia, na likasikika kwa nguvu zaidi mwaka 2023 katika mjadala wa bandari. Jina hilo ni Mangungo. Anayelitaja hana haja ya kulifafanua, kwa sababu msikilizaji amelijua tangu shule ya msingi: kiongozi aliyetia alama kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, nchi ikaenda. Kwa wafafanuzi wa siasa, hakuna istiari iliyo tayari zaidi. Makala haya yanadai kwamba istiari hiyo, kwa namna inavyotumika sasa, inamhukumu mtu asiyestahili na kumpa udhuru yule yule inayekusudia kumshutumu. Yanadai pia kwamba hati ya mwaka 1884, ikisomwa kama matini, ina hoja nzito kuliko fumbo lililotokana nayo.

Matukio yanajulikana. Mnamo Novemba 1884 Karl Peters, akiwa na Karl Jühlke, Joachim von Pfeil na August Otto, aliingia bara kupitia Saadani kwa niaba ya Jumuiya ya Ukoloni wa Kijerumani, chama kilichokuwa hakijatimiza hata mwaka tangu kiundwe. Kwa majuma machache walipita Uzigua, Unguu, Usagara na Ukami wakikusanya mikataba. Ule wa Msowero, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kilosa, ni wa tarehe 29 Novemba. Peters mwenyewe aliandika baadaye, bila haya, jinsi kileo na zawadi vilivyorahisisha kazi. Tarehe 27 Februari 1885 Kaizari alizipa karatasi hizo hati ya ulinzi. Seyyid Barghash alipopinga kutoka Unguja, jibu alilopata lilikuwa manowari za Kijerumani mbele ya kasri lake mwezi Agosti mwaka huohuo.

Hati ya Msowero ni fupi, na ufupi wake unastahili kuchunguzwa. Inamwita Mangungo “Sultani”. Cheo hicho hakikuwa cha Usagara. Jamii za Wasagara na Wakaguru zilifuata ukoo wa kuukeni, na viongozi wa koo walikuwa na mamlaka ya matambiko juu ya ardhi ya koo hizo. Peters alihitaji masultani kwa sababu sheria ya mataifa ya Ulaya ilitambua nchi ikitolewa na mwenye enzi, si na mzee wa ukoo. Kwa hiyo hati ilianza kwa kumtengeneza mtu mwenye uwezo wa kutoa, ndipo ikamfanya atoe. Mafafanuzi ya siku hizi yamemvua Mangungo usultani na kumvika uchifu, neno lililopewa uzito wa kiserikali na Waingereza baada ya kuanzisha utawala wao kupitia viongozi wa kienyeji. Cheo cha kwanza kilikuwa cha Peters, cha pili kikawa cha Waingereza. Alivyoitwa na watu wake hakumo katika kumbukumbu ya wafafanuzi.

Jambo la pili katika hati hupita bila kusemwa, hata darasani. Mangungo anaitoa nchi ya Msowero kwa nyakati zote, pamoja na haki zake zote, lakini upande wa pili unaipokea kwa sharti: bila kuathiri haki za enzi alizonazo Mwenyi Sagara, kama zipo. Maana yake, wakati wa kuandika, waandishi wenyewe walijua au walishuku kwamba aliyekaa mbele yao hakuwa mwenye neno la mwisho. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Desemba, walifika kwa huyo Mwenyi Sagara na kupata karatasi nyingine, iliyomtangaza kuwa bwana wa Usagara yote. Ikiwa kuna mkataba uliodai kuitwaa Usagara nzima, ni huo wa pili. Hata hivyo hakuna anayesema “kina Mwenyi Sagara” anapowashutumu viongozi. Jina lake limebaki ramani­ni tu, katika kituo cha Munisagara kwenye Reli ya Kati, upande wa magharibi wa mji wa Kilosa, ambako abiria huenda asijue kwamba anapita kwenye cheo cha mtu.

Cheo hicho kina la kumwambia mwanaisimu. “Mwenyi”, “mwinyi” na “mwenye” ni maumbo ya shina moja, na Kiswahili hakilifungi shina hilo katika umiliki wa kuuza na kununua. Mwenye nyumba anaweza kuiuza nyumba yake. Mwenye njaa hauzi njaa, wala mwenye busara hauzi busara. Mwenye mji, katika matumizi ya pwani ya kale, ni yule ambaye mji uko chini ya uangalizi wake na hauwezi kutajwa bila yeye. Kwa mantiki hiyo, Mwenyi Sagara ni mtu aliye pamoja na Usagara. Hati za Peters ziliuchukua uhusiano huo wa kuwa na kitu na kuugeuza milki, kisha milki ikageuzwa bidhaa. Katika Kilosa ya leo swali la nani mwenye ardhi si la kihistoria tu. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mgogoro wa wakulima na wafugaji.

Kisha yupo Ramazan. Hati inasema kwamba maneno yake yalifikishwa kwa Mangungo kwa njia iliyo wazi na mkalimani mwenye jina hilo, na kwamba Mangungo, alipoulizwa moja kwa moja, alisema hategemei kwa namna yoyote Sultani wa Zanzibar na hata hajui kama yupo. Dai la uwazi linatolewa kwa Kijerumani, na upande ambao ndio pekee ulioweza kukisoma Kijerumani. Hati haisemi Ramazan alizungumza lugha gani. Ni rahisi kudhani kwamba alitumia Kiswahili, lugha ya misafara, mbele ya wasikilizaji ambao lugha yao ya nyumbani ilikuwa nyingine. Basi pana angalau mivuko miwili kati ya karatasi na sikio, na katika kila mvuko dhana za milki, uhamisho wa haki na kutwaliwa kwa nchi kwa ajili ya ukoloni zilihitaji visawe. Ramazan alivipata wapi? Huenda alisema urafiki. Huenda alisema ugeni na ulinzi. Jibu la Mangungo kwamba hamjui Sultani wa Zanzibar, ambaye misafara yake ilikatiza bonde la Mkondoa miaka na miaka, linanuka swali lililotafsiriwa vibaya, au jibu lililoandikwa kabla halijatolewa.

Vitabu vya shule vimeziita karatasi hizi “mikataba ya ulaghai”, na istilahi hiyo ni sahihi kwa sababu inamweka mlaghai mahali pake. Katika maoni ya kisiasa, sarufi imegeuka. Mangungo aliyelaghaiwa, mtendwa, amekuwa Mangungo aliyeuza, mtenda. Kirai “mkataba wa Mangungo” kimekamilisha kazi hiyo: kihusishi “wa” kimempa milki ya karatasi aliyoletewa, iliyoandikwa na wengine, katika lugha ya wengine, kwa manufaa ya wengine. Kirai “mkataba wa Karl Peters” kingekuwa na haki zaidi, lakini hakina ladha ya kejeli. Hatua ya mwisho ni wingi. Panaposemwa “kina Mangungo” jina limeacha kuwa la mtu na limekuwa la aina ya watu, nalo linakaribia kuwa tusi la kawaida.

Fasihi ya Kiswahili haikumsaidia. Waliopigana walipata watetezi wao. Kinjekitile alipata tamthilia ya Ebrahim Hussein mwaka 1969, Mkwawa alipata ya Mulokozi mwaka 1979, na vita vya Wadachi huko Mrima vilipata utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wakati waliovishuhudia wangali hai. Kinjekitile wa Hussein ni mtu mwenye shaka, anayebishana na neno alilolitamka mwenyewe, na ndiyo maana hawezi kugeuzwa kuwa tusi. Mangungo hakupata kazi ya hadhi hiyo. Alibakiwa na aya ya kitabu cha shule na alama ya mkono, na mtu aliyebaki na aya moja ni rahisi kumbebesha lolote.

Istiari hii ina thamani yake, hata hivyo. Kwanza, inawafanya watu wasiosoma sheria waelewe kwamba karatasi ina nguvu, na kwamba saini ya siku moja inaweza kuwafunga wajukuu. Pili, ni fumbo, na fumbo ni silaha kongwe ya Waswahili. Mfafanuzi anayemtaja Mangungo hajamtaja waziri yeyote. Katika nchi yenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, nafasi hiyo si ndogo, ingawa haina hakika: baadhi ya wakosoaji wa makubaliano ya bandari walikamatwa Agosti 2023, wawe walisema kwa mafumbo au waziwazi.

Kasoro yake ni kwamba inashutumu ujinga pale ambapo ujinga haukuwapo. Mkataba wa Buzwagi ulitiwa saini mjini London mwezi Februari 2007 na waziri wa serikali yenye wanasheria, wachumi na Mwanasheria Mkuu. Zitto Kabwe alipoupeleka bungeni Agosti mwaka huo, hakuuliza kama waziri alijua kusoma. Aliuliza kwa nini, wapi na kwa haraka ya nini, akasimamishwa ubunge kwa muda. Vivyo hivyo, kamati za Profesa Mruma na Profesa Osoro mwaka 2017 zilihoji takwimu, sheria na uwajibikaji wa watu wenye elimu ya kutosha, na sheria mbili za Julai mwaka huo kuhusu mamlaka ya nchi juu ya maliasili na kuhusu masharti hasi katika mikataba zilitungwa kwa mantiki hiyo. Kumwita mtu kama huyo Mangungo ni kumpunguzia kesi. Anayestahili kuulizwa alichokijua anaambiwa kwamba hakujua. Fumbo lililokusudiwa kuwa kali linageuka kuwa utetezi.

Tabia hii ya lugha si ya Tanzania peke yake. Wamarekani wana masimulizi yao ya kisiwa cha Manhattan, kilichosemekana kununuliwa kwa wenyeji mwaka 1626 kwa bidhaa za gilda 60, ambazo karne ya 19 ilizigeuza dola 24. Hati ya mauzo haijaonekana. Kilichopo ni barua ya afisa mmoja wa Kiholanzi kwa wakubwa wake. Bado bei hiyo imekuwa mzaha wa kudumu, na anayechekwa ni muuzaji. Rais Donald Trump alipotaka kuinunua Greenland mwaka 2019, Waziri Mkuu wa Denmark aliuita mjadala huo upuuzi, na serikali ya Greenland ikatamka hadharani kwamba kisiwa chao hakiuzwi. Hakuna aliyewacheka watu wa Greenland, kwa kuwa jibu lao liliandikwa na wao wenyewe. Lenape wa Manhattan na watu wa Msowero waliandikiwa jibu lao.

Hapo ndipo mjadala wa mwaka 2023 unapokuwa na uzito kwa wataalamu wa Kiswahili. Makubaliano kati ya Tanzania na Dubai kuhusu bandari yalitiwa saini Oktoba 2022 na kuridhiwa na Bunge tarehe 10 Juni 2023. Matini iliyosambaa miongoni mwa wananchi ilikuwa ya Kiingereza, katika nchi ambayo mwaka 2021 ilibadili sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Kwa wiki kadhaa wanasheria, viongozi wa dini, wanasiasa na waandishi wa safu walisoma ibara moja moja na kuwaeleza watu kwa Kiswahili, na tafsiri zao zilipingana. Ibara ya muda na usitishaji ilisomwa na baadhi kuwa haina ukomo, na wengine wakaisoma kuwa inatoa mlango wa kutokea. Wengi wao walimtaja Mangungo kwa kejeli. Kazi waliyokuwa wakiifanya, ya kusimama kati ya karatasi ya kigeni na umma uliotaka kujua imeandikwa nini, ilikuwa ya Ramazan, na tofauti ilikuwa kwamba mwaka 2023 wakalimani walikuwa wengi na msikilizaji aliweza kumlinganisha mmoja na mwingine. Msowero alikuwapo mmoja tu, naye alikuwa amekuja na mgeni.