Taazia ya Mtoto: Uhakiki wa Fani Fupi

Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi, tukazipita bila kuzitazama tungo fupi ambazo watu huzisoma kwa machozi. Mojawapo ni taazia. Safari hii tumeona vema tuihakiki taazia ya namna moja tu, nayo ni ile ambayo Wamenonite wa Marekani walizoea kuwaandikia watoto wao, wakiwamo waliokufa kwa polio.

Wamenonite si wageni kabisa katika nchi zetu. Kanisa lao lilianza Ulaya katika karne ya 16, likapewa jina la Menno Simons. Wengi walihamia Pennsylvania, na kutoka huko wamisionari wao walifika Shirati, Tanganyika, mwaka 1934. Ni watu wa amani, wasioshika silaha, wasiopenda makuu. Tabia hiyo ya kutopenda makuu ndiyo iliyoizaa fani tunayoihakiki.

Gazeti lao la Gospel Herald, lililodumu tangu 1908 hadi 1998, lilikuwa na sehemu ya taazia. Muundo wake haukubadilika sana. Hutangulia jina la mtoto, wazazi wake, na mahali na tarehe ya kuzaliwa. Kisha hufuata tarehe ya kufa na umri wake kwa miaka, miezi na siku. Halafu ndugu aliowaacha, wachungaji walioongoza maziko, na fungu la Biblia lililohubiriwa. Ugonjwa ukitajwa, hutajwa kwa neno moja au mawili.

Msomaji mwenye haraka atasema kwamba hii ni hesabu, si fasihi. Sisi hatukubaliani naye. Mzee wa miaka 80 hapungukiwi na kitu tukimwondolea siku zake 11. Lakini kwa mtoto wa miaka 4, kila siku ilikuja na jambo lake: siku ya jino la kwanza, siku ya hatua ya kwanza, siku aliyolitaja jina la dada yake. Awezaye kuzihesabu siku hizo ni yule aliyekuwapo zilipopita. Katika hesabu hiyo mna kilio ambacho mwandishi hakukiandika.

Kadhalika orodha ya ndugu. Virusi vya polio huingia kwa njia ya kinywa, huenea kwa mikono na maji machafu, na katika nyumba moja huwapata watoto wengi, ingawa ni wachache tu wanaopooza. Vikishambulia mishipa ya fahamu inayoendesha misuli ya kupumulia, mtoto aliyekuwa akicheza wiki iliyopita huweza kufa katika siku chache. Kwa hiyo majina yale ya kaka na dada ni majina ya waliokuwa katika hatari ile ile, wakabakizwa. Mwandishi hasemi hivyo. Orodha yenyewe inasema.

Hata hivyo fani hii ina kasoro, nasi hatuna budi kuitaja. Inafunga mlango upesi mno. Mama yumo kwa jina, lakini hana sauti. Swali la kwa nini mtoto amekufa halipati nafasi, kwa kuwa faraja imekwisha kukaa mahali pake. Wala tusiwacheke Wamenonite. Tanzia zetu za redioni husema kwamba marehemu amefariki "baada ya kuugua kwa muda mfupi", na ugonjwa wenyewe ukazikwa pamoja naye.

Hapa ndipo tarehe inapokuwa sehemu ya maana. Mwaka 1952 watu wapatao 58,000 waliugua polio nchini Marekani, na zaidi ya 3,000 wakafa. Mzazi wa mwaka huo hakuwa na kinga yoyote ya kumpa mwanawe. Aliposema kwamba mtoto amerudi kwa Mungu, maneno yake yalikuwa ushujaa. Tarehe 12 Aprili 1955 ikatangazwa kwamba chanjo ya Jonas Salk inafaa na ni salama. Tangu siku hiyo maneno yale yale, bila kubadilishwa hata herufi moja, yalianza kubeba mzigo mwingine, kwani kifo kilichokuwa msiba mtupu sasa kiliweza kuwa pia uzembe wetu. Mwaka 1979 polio ilizuka miongoni mwa Waamishi, ambao ni jamaa wa Wamenonite kwa asili na imani. Wengi wao hawakuwa wamechanjwa. Imani yao haikukataza chanjo, na walipofikiwa na kuelezwa, wengi waliipokea. Basi kumtumaini Mungu na kumpeleka mtoto kwenye chanjo havikuwa vitu viwili vinavyogombana.

Tunawashauri walimu wenzetu waipeleke taazia darasani. Wanafunzi na waandike taazia ya maneno 100, isiyo na sifa za kupamba, inayotaja umri mpaka siku, na inayoutaja ugonjwa kwa jina lake. Watajifunza kwamba maneno machache yaweza kubeba huzuni kubwa. Tena watajifunza kwamba mhakiki hamalizi kazi yake kwa kusifu kimya cha maandishi, maana kimya kingine ni heshima kwa marehemu, na kingine huwanyima walio hai habari ambayo ingewaokoa. Kuvitenganisha viwili hivyo ndiyo kazi yetu.