Makapi ya Santuri

Mwaka 1970 ndugu wa Kinyonga, Wilson Peter na George Peter, walitoka Tanga wakahamia Arusha na kuasisi bendi ya Arusha Jazz, na mwaka uliofuata wakavuka mpaka hadi Mombasa, ambako walianza kujulikana kwa jina la Simba Wanyika. Santuri moja ndogo ya bendi hiyo, ya mizunguko 45 kwa dakika, ndiyo niliyoishughulikia juma zima, nikitaka kuitia katika kompyuta bila ya zile kelele ambazo kila mwenye santuri anazijua: vidoko, yaani mialiko mikali ya ghafla, na mchakarisho, ambao ni vidoko vidogo visivyo idadi vifuatanavyo mfano wa chumvi iliyotupwa motoni.

Kwetu Arusha mchawi ni vumbi. Udongo wa miteremko ya Meru asili yake ni jivu la volkano, na kiangazi chembe zake hupenya makabati na majalada, zikatua katika mifuo ambayo upana wake ni kama wa unywele tu, hata sindano ipitapo juu yake ikaruka, na mruko huo ndio kidoko. Kwa hiyo dawa ya kwanza si kompyuta bali ni maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri za magari, na tone la sabuni. (Spiriti isikaribie santuri za mizunguko 78, maana shelaki yake huyeyuka.)

Baada ya kuiosha niliirekodi kwa sampuli 96,000 kwa sekunde na biti 24, si kwa anasa, bali kwa sababu kidoko kidumucho sehemu moja ya elfu ya sekunde hupata hapo sampuli 96, na kingo zake zikaonekana dhahiri.

Sasa, kompyuta itajuaje kwamba hiki ni kidoko na kile ni muziki? Njia iliyotukuka zaidi, ambayo Peter Rayner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliitafiti hata ikazaliwa kampuni ya CEDAR mwaka 1988, husimama juu ya utabiri: maadamu muziki una mazoea yake, kila sampuli yaweza kukadiriwa kutokana na zilizoitangulia, na ile inayotoroka kadirio kupita kizingiti kilichowekwa huhukumiwa kuwa kidoko, ikaondolewa, na pengo likazibwa kwa kukisia kutoka pande zote mbili. Audacity, programu isiyolipiwa ambayo ndiyo niliyotumia, huenda njia nyepesi zaidi: hutafuta mahali nguvu ya wimbi ilipopanda ghafla kuliko jirani zake, kisha huunganisha kingo mbili kwa mstari ulionyooka.

Hapo ndipo nilipohadaika. Niliteremsha kizingiti mno, mchakarisho ukatoweka, nami nikafurahi kwa muda wa usiku mmoja. Asubuhi nikasikia kwamba gitaa la ridhimu, ambalo ndilo roho ya dansi lile, limekuwa butu, kana kwamba mpigaji amevaa glavu. Ithibati niliipata kwa hila ya zamani ya mafundi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mizani pekee ya haki katika amali hii: nilichukua nakala safi, nikaigeuza wimbi lake juu chini, nikaichanganya na nakala asilia, na yaliyokuwa sawa yakafutana, yakabaki makapi matupu. Lakini ndani ya makapi yale, badala ya vidoko peke yake, niliusikia mdundo mzima wa ridhimu, na hata mikwaruzo ya saksafoni, kwa kuwa ala hiyo nayo hutoa mapigo makali yanayofanana na kidoko. Nilikuwa nimepeta mchele, nikamwaga na chenga zake.

Nilianza upya. Nilipandisha kizingiti hata makapi yakawa vidoko vitupu, nikaviacha vile vidogo vilivyofichwa na ngoma, na vikubwa nikavishona kimoja kimoja kwa mkono, kazi ya saa tatu kwa upande mmoja wa dakika chache. Mchakarisho kidogo umebaki, nao haumkeri asikilizaye.

Namsihi kila aifanyaye kazi hii asiifute nakala ya kwanza, ile chafu, hata kama diski yake imejaa.