Land Cruiser 80: Kazi Ianzie Ekseli ya Mbele

Toyota ilipoionyesha Land Cruiser 80 kwenye Maonyesho ya Magari ya Tokyo mwezi Oktoba 1989, wageni wengi walikodolea macho bodi yake ya mviringo. Habari kubwa ilikuwa chini ya gari. Springi za bapa zilizobeba Land Cruiser 60 zilikuwa zimeondolewa, na mahali pake zikawekwa springi za koili kwenye magurudumu yote manne. Ekseli, hata hivyo, zilibaki za kipande kimoja, mbele na nyuma, chini ya chesesi nzito ya ngazi. Uamuzi huo ndio unaoifanya 80, iliyoacha kuundwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1990, iendelee kufunguliwa na kufungwa upya leo kwenye nyua za Arusha, Nairobi na Mombasa, tena na watu ambao ufundi si ajira yao.

Kwa Mtanzania wa miaka ya 1990 hilo lilikuwa shangingi la wakubwa. Wakubwa wameshahamia magari mapya. Yaliyobaki yamepita mikononi mwa wenyewe wengi, yamebeba saruji na mbao, yamevuka mito yenye matope, na sasa yanatafutwa na wapenzi wanaotaka kuyarudishia uhai Jumamosi na Jumapili.

Wapenzi hao wengi huanza na vinavyoonekana: matairi makubwa, springi ndefu, bampa la chuma, winchi, keria ya juu. Miezi michache baadaye usukani unatangatanga barabarani, injini inachemka kwenye mlima, na fedha imekwisha. Mpangilio wa kazi ndio unaoamua kama gari litamalizika au litabaki limeinuliwa juu ya matofali, na kwenye 80 mpangilio huo una sababu za kiufundi zinazoweza kuelezwa moja baada ya nyingine.

Kazi ianze na ekseli ya mbele. Kila mwisho wa ekseli hiyo una tufe la chuma, na juu ya tufe hilo kimepanda kifundo kinachogeuza gurudumu. Ndani ya tufe inazunguka jointi aina ya Birfield, ambayo huwezesha shafti kuendelea kusukuma gurudumu hata usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Jointi hiyo huogelea kwenye grisi. Shafti yenyewe inatoka kwenye difu, ambamo mna oili. Kinachozitenganisha grisi na oili ni sili moja ya ndani, na kinachozuia vumbi lisiingie kutoka nje ni sili nyingine ya mpira na sufu inayofuta uso wa tufe kila dereva anapokata kona.

Sili ya ndani ikichoka, oili ya difu huvuja ikaingia kwenye kifundo. Mwenye gari huona tufe limelowa, anadhani ni grisi iliyozidi, anafuta kwa kitambaa na kuendelea na safari. Ndani, grisi imekwisha kulainika na kuwa kitu chepesi cha kijivu kama uji wa ulezi, kisichoweza tena kushika kwenye mipira ya jointi. Wakati huohuo oili ya difu inapungua. Modeli nyingi za 80 za daraja la VX husukuma magurudumu yote manne muda wote, kwa hiyo jointi hizo za mbele hufanya kazi kila kilomita, mjini na porini. Dalili inayosikika huja baadaye: kodo-kodo kila gari linapokata kona kali kwa mwendo wa taratibu. Ikifika hapo, chuma kimeshalika.

Kwa nini sili ya ndani huchoka? Umri ni sababu, lakini ipo nyingine ambayo mafundi wengi huiruka. Juu ya ekseli kuna kipumulio kidogo, tundu lenye kofia linaloruhusu hewa kutoka difu inapopata moto. Miaka ishirini ya vumbi ikikiziba, hewa iliyotanuka hutafuta njia nyingine, na njia rahisi ni kupita kwenye sili huku ikisukuma oili mbele yake. Kinyume chake pia hutokea. Ekseli yenye moto ikizama ghafla kwenye mto, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji. Mtu anaweza kubadilisha sili kwa ustadi wote, akaacha kipumulio kimeziba, na kazi ile ile ikamrudia. Wenye kujua huondoa kile kipumulio cha kiwandani na kuvuta mpira mwembamba kutoka ekseli hadi juu kwenye chumba cha injini, mahali maji ya mto hayafiki. Ni kazi ya dakika chache, na hakuna kifaa kwenye gari zima kinachorudisha thamani kubwa kiasi hicho kwa gharama ndogo hivyo.

Ufunguaji wenyewe unahitaji utulivu kuliko nguvu. Gari huinuliwa na kukalishwa juu ya stendi, si kuachiwa jeki. Kalipa ya breki hutolewa na kuning'inizwa kwa waya ili uzito wake usivute mpira wa breki. Kisha zinafuata nati za flenji ya habu, na hapo ndipo wanaoanza hukwama: chini ya kila nati kuna washa ya koni iliyojibana ndani ya tundu lake. Haichokonolewi kwa bisibisi. Flenji hugongwa kwa kipande cha shaba, mapigo mafupi ya pembeni, mpaka koni ziruke zenyewe. Shaba ni laini kuliko chuma cha habu, hivyo haiachi makovu.

Ndani ya habu kuna nati mbili kubwa zenye washa ya kufungia katikati yake. Hizo zina soketi yake ya milimita 54, bei yake ya kawaida tu, lakini ni nadra kuikuta kwenye boksi la fundi wa mtaani. Ukiona alama za patasi kwenye nati hizo, tayari unayo historia ya gari: aliyezifungua kabla yako alizigonga kwa kukisia, na beringi za habu zilikazwa kwa kukisia vilevile. Beringi iliyolegea hulegeza gurudumu, na gurudumu linalocheza hula studi za flenji na kuharibu sili ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Vitu vikishakuwa mezani, sehemu kubwa ya kazi ni kuosha. Mafuta ya taa, brashi na matambara, mpaka njia za mipira ndani ya Birfield zionekane zinang'aa na kidole kiweze kuzipapasa kutafuta mashimo. Jointi iliyolika kidogo haitupwi mara moja. Wapenzi wa 80 wana mbinu inayotumiwa duniani kote: Birfield ya kulia hupelekwa kushoto, na ya kushoto kulia. Gari hutembea mbele sehemu kubwa ya maisha yake, kwa hiyo mipira hubonyea upande mmoja wa njia zake. Ikihamishwa, upande uliokuwa umepumzika ndio unaobeba mzigo.

Wakati wa kufunga, vipimo viwili havina mbadala. Cha kwanza ni ukazo wa beringi za kifundo, unaopimwa kwa kufunga mizani ya springi kwenye mkono wa usukani na kuvuta, kisha kusoma nguvu inayohitajika kukianzisha kifundo kugeuka. Cha pili ni ukazo wa beringi za habu, unaopimwa kwa mizani ileile kwenye studi ya gurudumu. Kitabu cha kiwanda kinatoa viwango vya vyote viwili. Shimu nyembamba zilizokuwa juu na chini ya kifundo zirudi palepale zilipotoka, kwa sababu ndizo zinazoweka shafti katikati ya sili ya ndani. Shafti nayo iingizwe ikiwa imeshikiliwa juu, isikokotwe juu ya mdomo wa sili mpya. Hapo ndipo sili nyingi hufa kabla gari halijatoka uani.

Grisi iwe ya molibdeno, na kifundo kisijazwe hadi kufurika. Toyota iliacha tundu lenye kizibo cha pembe nne kwa ajili ya kuongezea grisi baadaye.

Kuhusu spea, zote zinapatikana Gerezani jijini Dar es Salaam na Kirinyaga Road jijini Nairobi, na feki zinapatikana palepale pembeni yake. Ulinzi mzuri ni kwenda dukani na beringi ya zamani mkononi, maana namba yake imechongwa kwenye pete, na duka linalokataa beringi zilinganishwe halifai kupewa fedha. Sili za bei ya chini hukakamaa mapema, na tofauti ya bei haifikii thamani ya siku mbili za kazi zitakazorudiwa.

Baada ya ekseli ni upoozaji, na hapa aina ya injini inabadilisha hesabu. Injini ya petroli 1FZ-FE, ya sentimita za ujazo 4,477 na valvu 24, iliyoingia mwaka 1992, ina mpira mmoja mfupi wa maji ya hita nyuma ya injini, chini ya manifoldi ya hewa. Mkono haufiki kirahisi na jicho haliuoni, kwa hiyo huachwa miaka na miaka mipira mingine yote ikibadilishwa. Ukipasuka safarini, maji huisha kabla dereva hajaitazama geji, na gesketi ya silinda hedi ndiyo inayolipa. Anayenunua 80 ya petroli aubadilishe mpira huo hata kama unaonekana mzima.

Dizeli ya 1HZ, silinda sita na sentimita za ujazo 4,164, ina udhaifu wake. Hedi hupasuka injini ikichemka sana, na hatari huongezeka kwa wanaoifunga tabo ambayo haikuundiwa. Taimingi belti yake hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika valvu hukutana na pistoni. Ndugu yake yenye tabo ya kiwandani, 1HD-T, inasifika kwa nguvu, lakini beringi zake za konrodi zina sifa ya kulika mapema, na wengi huzibadilisha kama tahadhari kabla ya kuiamini kwa safari ndefu.

Kwa injini zote hizo, klachi ya feni ipimwe. Injini ikiwa na moto na imezimwa, feni ikizungushwa kwa mkono inatakiwa ikatae kidogo. Ikizunguka huru, oili yake ya silikoni imekwisha. Inaweza kufunguliwa na kujazwa upya. Rejeta iliyonyweshwa maji ya bomba miaka mingi huwa imejaa kutu na magadi ndani, na feni mpya haitaisaidia.

Baada ya hayo ndipo mazungumzo ya kuinua gari yaanze. Ekseli ya mbele ya 80 imeshikwa na mikono miwili inayokwenda nyuma hadi kwenye chesesi. Bodi ikipanda, mikono hiyo huinama na kuizungusha ekseli, na pembe ya kasta, ambayo kiwandani ni kama digrii 3, hupungua. Kasta ndiyo inayoufanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Springi zilizoongeza milimita 50 tu zinatosha kulifanya gari liyumbe kwenye lami. Bushi zenye tundu lisilo katikati hurekebisha hali hiyo, ingawa ekseli ikirudishwa nyuma kupita kiasi propela ya mbele hukaa kwa pembe mbaya na kutetemeka. Matairi ya 285/75R16 huingia bila kuligeuza gari kuwa kitu kingine, na kwa matumizi mengi ya Afrika Mashariki hakuna haja ya kupita hapo.

Anayeanza achague gari lenye 1HZ. Ni ya polepole mlimani, ndiyo, lakini injini hiyo ilifungwa pia kwenye Land Cruiser 70, kwenye 105 iliyofuata na kwenye mabasi ya Coaster, pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta, na karibu kila mji wenye stendi una fundi aliyeifungua. Na kabla ya kulipa, apitishe kucha chini ya mpira wa kioo cha mbele, pembe za juu na za chini, hasa kama gari limeishi Mombasa au Tanga. Kutu ya 80 hupenda kuanzia hapo, maji yakapenya hadi chini ya zulia la miguuni. Sili na beringi hununuliwa, ila fremu ya kioo iliyooza hukatwa na kuungwa bati jipya, na muuzaji aliyeifunika kwa pati anajua hilo. Gari hilo liachwe.